Muto wa nyuma ya usine

Siku ya yenga, kisha kula, watoto wanauliza: "Baba, leo twende kutembea wapi?" Katika miji yetu ya mungodi, muto uko, lakini nani anapeleka jamaa lake pale? Muto ni nyuma ya usine, mahali pa kutupa uchafu. Hata Lubumbashi iko vile: muto ulioupa muji jina lake unapita karibu na usine ya zamani ya shaba na kile kilima cheusi cha mabaki yake. Basi tunafikiri: mungodi na maji mazuri havipatani.

Tuangalie muji wa mungodi kule Ujerumani, Dortmund. Muto wake, Emscher, ulibeba uchafu wa vyoo na wa usine kwa miaka zaidi ya 100. Juu ya nini hawakuweka tiyo chini? Sababu ni mungodi wenyewe: walipotoa makala ya mawe, udongo ulishuka, na tiyo zingevunjika. Wakaugeuza muto kuwa kanivo ya sima, wazi juu, yenye kunuka.

Katika kartye ya Hörde kulikuwa usine ya chuma tangu 1841. Mwaka 2001 kazi ikaisha. Kompani moja ya China ikanunua mashini, watu wake wakazifungua kipande kwa kipande wakazipeleka kwao. Pakabaki uwanja mutupu. Hapo wakachimba shimo kubwa, na mwezi wa kumi 2010 wakaanza kulijaza maji. Leo ni ziwa la hektari 24. Wazee wanatembea kandokando, vijana wanaendesha mashua ya matanga.

Lakini tusidanganywe na picha. Hawakumaliza kazi kwa viti na limonadi. Mungodi ulipoondoka na udongo ukatulia, tangu 1992 walianza kuzika tiyo kubwa za uchafu, na mwisho wa 2021 tu ndipo maji ya vyoo yaliacha kuingia katika Emscher. Bei: zaidi ya miliare 5 za euro. Sehemu kubwa ililipwa na shirika la maji lililoanzishwa 1899, ambamo miji, mungodi na usine wanatoa feza kwa lazima. Anayechafua, analipa.

Tena, nyumba zinazozunguka lile ziwa ni za bei kali. Wengi waliotoka jasho mbele ya moto wa chuma hawawezi kupanga pale. Njia ya kutembea ni bule kwa wote, lakini kuoga kumekatazwa.

Kwetu kuna jambo lingine: maji yanayotoka kwenye shaba na kobalti yanaweza kubeba sumu ambayo jicho halioni. Maji meupe si maji safi. Sherti yapimwe kwanza, mbele ya watoto kuingia.

Basi siku mutu akileta mpango wa restora na bustani kando ya muto wetu, tusipige makofi upesi. Tumuulize mambo matatu: uchafu unaotoka juu utapelekwa wapi? Nani atalipa? Na mutoto wa mufanyakazi ataingia bule, ao atachungulia kupitia lupango?