Jino, Mfupa na Swali Lisilotosha
Huenda msomaji akauliza mwanaisimu ana lipi la kusema juu ya meno. Analo, kwani hatari nitakayoitaja huanzia katika neno. Mgonjwa wa osteoporosisi, maradhi yadhoofishayo mifupa, anapoulizwa na daktari wa meno, "Unatumia dawa?" huenda akajibu, "La." Hasemi uongo. Kwake yeye dawa ni kitu cha kila siku, ilhali kidonge cha alendroneti humezwa mara moja kwa juma, na sindano ya denosumabu hudungwa kila miezi sita.

Tangu 2003 majarida ya udaktari yamekuwa yakieleza jinsi dawa za mifupa ziwezavyo, kwa nadra, kuuzuia mfupa wa taya kupona baada ya jino kung'olewa, hata sehemu yake ikafa. Kwa hivyo ni heri jino bovu ling'olewe kabla ya tiba kuanza. Aliyekwisha kuianza asiiache kwa hiari yake, maana kuichelewesha denosumabu kwaweza kuleta kuvunjika kwa pingili za uti wa mgongo.

Swali bora ni hili: "Umewahi kupewa kidonge au sindano ya mifupa, hata mara moja kwa mwaka?" Walimu, wafunzeni wanafunzi wenu kuuliza hivyo, nao wakawaulize nyanya zao.