Nani Anaruhusiwa Kuvaa Fulana ya Kuzuia Risasi?

Fulana ya kuzuia risasi haimdhuru mtu, na ndiyo maana nchi nyingi zimesita kuiwekea masharti kama ya bunduki. Lakini vazi linalomkinga mwenye duka dhidi ya jambazi humkinga pia jambazi dhidi ya polisi. Karibu kila sheria inayoligusa vazi hili imetungwa kwa kumfikiria huyo wa pili.

Marekani ndiko mvutano huu ulikojadiliwa kwa kirefu zaidi. Kwa sheria ya shirikisho, mtu mzima asiye na rekodi ya uhalifu wa kutumia nguvu anaweza kununua fulana hiyo bila leseni, akaivaa sokoni, garini au kazini. Zuio lipo kwa aliyewahi kupatikana na hatia ya kosa kubwa la aina hiyo: haruhusiwi kuinunua, kuimiliki wala kukutwa nayo, na akikiuka anaweza kufungwa hadi miaka 3. Hata yeye ameachiwa upenyo. Akiwa na kazi halali inayohitaji kinga, mwajiri wake akathibitisha hivyo kwa maandishi kabla, anaweza kujitetea kwa hati hiyo mahakamani.

Sheria hiyo ya mwaka 2002 ina jina la James Guelff, polisi wa San Francisco aliyeuawa mwaka 1994 na mtu aliyevaa kinga ya risasi. Tarehe 28 Februari 1997, huko North Hollywood mjini Los Angeles, wezi wawili wa benki waliojifunika kwa mavazi hayo walipambana na polisi kwa takriban dakika 44. Bastola za askari hazikufua dafu, na picha za televisheni zikawaonyesha Wamarekani jinsi vazi la kujihami linavyoweza kurefusha shambulio.

Majimbo yameongeza yake. Mengi yanamzidishia adhabu anayetenda uhalifu akiwa amelivaa. Connecticut inataka muuzaji na mnunuzi wakutane ana kwa ana, isipokuwa kwa watu wachache waliosamehewa sharti hilo, hivyo kuagiza kwa intaneti na kusubiri kifurushi mlangoni hakutoshi.

New York ilikwenda mbali zaidi. Tarehe 14 Mei 2022, mshambuliaji aliwaua watu 10 katika duka kubwa mjini Buffalo. Mlinzi wa duka, Aaron Salter, polisi mstaafu, alimfyatulia risasi, lakini kinga aliyoivaa mshambuliaji ikamwokoa; Salter akauawa. Wiki chache baadaye jimbo lilipiga marufuku kuuza na kununua fulana za kuzuia risasi, isipokuwa kwa polisi, wanajeshi na watu wa kazi nyingine zilizoidhinishwa. Kilichofanywa kosa ni biashara yenyewe. Aliyekuwa na fulana yake tangu zamani hakugeuzwa mhalifu kwa kuivaa.

Kilichofuata kinaaibisha kidogo. Maneno ya sheria yalilenga fulana laini, zile za nyuzi ngumu kama Kevlar zilizoshonwa tabaka juu ya tabaka. Mshambuliaji wa Buffalo alikuwa na mabamba ya chuma. Fulana laini kwa kawaida huzuia risasi za bastola. Za bunduki ndefu za kivita huhitaji mabamba ya chuma, kauri au plastiki ngumu. Kwa hiyo jimbo lilikuwa limekataza kila kitu isipokuwa kile kilichosababisha sheria itungwe, na ikabidi warekebishe tafsiri mwezi Julai mwaka huohuo.

California ilikuwa imejikwaa kwenye kisiki hichohicho kutoka upande mwingine. Mwaka 2009 mahakama ya rufaa ilibatilisha katazo la jimbo kwa wahalifu, kwa hoja kwamba viwango vya kitaalamu vilivyotumika vilikuwa vigumu mno kwa raia wa kawaida kujua kama fulana aliyonayo imo au haimo. Mwaka uliofuata bunge liliandika tafsiri iliyo wazi zaidi.

Je, katiba ya Marekani inalilinda vazi hili kama inavyolinda silaha? Katika hukumu ya Heller ya mwaka 2008, Mahakama ya Juu ilirejea kamusi ya karne ya 18 iliyojumuisha mavazi ya kujihami ndani ya neno silaha. Watetezi wa fulana huishikilia sana hoja hiyo, ingawa kesi ile ilihusu bastola za nyumbani.

Kwingineko kila nchi imechora mpaka wake. Uingereza haidai leseni. Ujerumani inamwacha raia aivae barabarani, ila akienda nayo kwenye maandamano anavunja sheria ya mikutano ya hadhara, kwa kuwa huko huhesabiwa kuwa ni kujiandaa kukabiliana na polisi. British Columbia na Alberta nchini Kanada hudai kibali, na huwasamehe wenye leseni halali ya bunduki. Australia ni kali zaidi: New South Wales imeiweka pamoja na silaha zilizokatazwa, na kuiingiza nchini kunahitaji ruhusa maalumu. Msafiri aliyeinunua kihalali Texas anaweza kunyang'anywa na forodha akitua Sydney, hata kama hana kisu mfukoni.