Nyuzi 24, Mpigaji Mmoja

Aliyezoea taarabu akiiona luti ya enzi ya Baroko hatapata shida kuitambua. Ina mgongo wa duara wa vipande vyembamba vya mbao, uso bapa na tundu lililonakshiwa. Ni mzao wa udi, ambao Waarabu waliupeleka Hispania. Mimi ni mpigaji wa udi hapa Unguja, na nilipoisikia kwa mara ya kwanza sonata ya mpiga luti Silvius Leopold Weiss nilidhani wanapiga watu wawili.

Weiss aliajiriwa na kasri la Dresden, Ujerumani, mwaka 1718, akalitumikia hadi alipofariki mwaka 1750, mwaka uleule aliofariki mtunzi Bach. Walifahamiana: mwaka 1739 Weiss alimtembelea Bach mjini Leipzig. Ameacha vipande zaidi ya 600, vingi vikiwa vimepangwa katika sonata za luti pekee.

Udi wangu una nyuzi 11, shingo isiyo na freti, nami naupiga kwa risha. Luti ya Weiss ina nyuzi 24: mbili za juu ziko pekepeke, nyingine zimepangwa jozi 11, kwa kawaida za utumbo wa mnyama. Haipigwi kwa risha bali kwa vidole vitupu. Vidole vinachukua sauti ya juu na ya kati, gumba linashika besi. Mwaka 1722 mpiga fidla mmoja alimng'ata Weiss gumba la kulia, nusura alikate kifundo cha juu. Kwa mpiga luti, hiyo ni sawa na kunyang'anywa nusu ya muziki wake.

Besi hizo ndizo zinazoijenga sonata. Nyingi hazibanwi na mkono wa kushoto. Hutyuniwa mapema kufuata ufunguo wa muziki utakaopigwa. Ukishazityuni, huwezi kuhamia ufunguo mwingine kila kipande kikiisha. Ndiyo maana sonata nzima hukaa katika ufunguo mmoja. Chukua ile iitwayo L'Infidèle, iliyo katika A maina. Ina vipande sita: Entrée, Courante, Sarabande, Menuet, Musette na Paysane. Karibu vyote vimetokana na dansi za wakati ule, ila hapa hakuna anayecheza. Mwendo wa miguu umeachiwa masikio. Sarabande inakwenda taratibu. Musette ni mtindo wa kuiga zumari yenye mfuko wa ngozi, ambayo sauti yake ya chini haikatiki. Paysane inamalizia kwa mwendo wa wakulima. Kwa kuwa ufunguo ni uleule, kinachobadilika ni mapigo na hisia, nawe unamsikia mtu mmoja akipita katika hali zake zote.

Maandishi ya muziki huu nayo ni ya kivyake. Mistari sita inasimama badala ya nyuzi na jozi sita za juu, na herufi zinaonyesha pa kubana: a ni uzi wazi, b freti ya kwanza, c ya pili. Besi zimeandikwa chini ya mistari. Alama za juu zinaeleza noti inayofuata ianze lini, lakini hazisemi besi iachwe ilie mpaka lini. Hilo ni la mpigaji, na hapo ndipo fundi anapojulikana.

Hati kubwa za sonata hizi zimehifadhiwa London na Dresden, na rekodi zake, kama za mpiga luti Robert Barto, zinapatikana. Sikiliza kwanza besi peke yake, kisha rudia ukiifuata sauti ya juu. Nawasihi hasa wapigaji wa udi: huu ni muziki wa ukoo wetu. Umefika mbali, umejifunza mambo ambayo udi haukuyahitaji, na tukiujua tutaufahamu vizuri zaidi hata udi tulionao mikononi.