Daraja la Baltimore: Vyuma wiki 11, gharama miaka

MELI ya makontena Dali, yenye urefu wa mita 300, ilizimika umeme Machi 26, 2024 ikitoka bandari ya Baltimore, Marekani, kwenda Sri Lanka. Saa 7:29 usiku iligonga nguzo ya Daraja la Francis Scott Key, nalo likaporomoka mtoni ndani ya sekunde chache. Wafanyakazi sita waliokuwa wakiziba mashimo ya barabara, wote wahamiaji kutoka Mexico na Amerika ya Kati, walifariki dunia.

Wapiga mbizi waliingia kwenye maji yenye tope wasimoweza kuona mbali. Vyuma vilivyopindana vilikatwa vipande na kunyanyuliwa kwa kreni, moja ikiwa na uwezo wa kubeba tani 900 hivi. Mei 13, kipande kilicholalia pua ya meli kilikatwa kwa baruti. Wiki moja baadaye Dali ikavutwa bandarini. Njia ya meli ilifunguliwa kikamilifu Juni 10, baada ya kuondolewa takribani tani 50,000 za chuma na zege.

Kugawa gharama kumekuwa kugumu zaidi. Siku sita tu baada ya ajali, kabla miili yote haijapatikana, mmiliki na msimamizi wa meli, kampuni za Singapore, waliiomba mahakama iweke kikomo cha fidia cha dola milioni 43.7. Waliegemea sheria ya mwaka 1851: mwenye meli halipi zaidi ya thamani ya chombo baada ya ajali pamoja na nauli ya mzigo, ilimradi hakujua kasoro iliyosababisha madhara.

Ndiyo maana chanzo cha ajali kina uzito wa fedha. Novemba 2025, wachunguzi wa usafiri wa Marekani walisema umeme ulizimika kwa sababu ya waya mmoja uliolegea.

Oktoba 2024 kampuni hizo zilikubali kuilipa serikali ya Marekani karibu dola milioni 102 kwa uokoaji na usafishaji. Daraja jipya halimo. Bunge liliamua Desemba mwaka huo kwamba serikali kuu igharamie ujenzi wote, na makadirio yamepanda hadi kati ya dola bilioni 4.3 na 5.2. Kwa sasa, anayebeba mzigo ni mlipakodi.

Afrika Mashariki ina hatua moja mbele. Mkataba wa kimataifa wa kuondoa mabaki ya meli ulipitishwa Nairobi Mei 2007, ukaanza kutumika Aprili 2015, na Kenya ni mwanachama. Unamtaka mwenye meli ya tani 300 na zaidi awe na bima ya kazi hiyo, na unairuhusu nchi kuondoa mabaki yenyewe kisha kumdai.

Lakini unahusu meli na vilivyodondoka kutoka melini. Haujengi upya daraja, wala haumfidii mfanyabiashara wa Kampala au Kigali ambaye kontena lake limekwama kwa sababu mlango wa bandari umezibwa. Hasara hizo zinahitaji sheria na bima nyingine, na wakati wa kuziandaa ni kabla meli haijagonga.