Udahili wa Uzamivu Usio na Ufadhili: Tukubali au Tukatae?

Wiki chache zilizopita mwalimu mwenzetu wa shule moja ya sekondari hapa Bujumbura alifika ofisini kwetu akiwa na barua mkononi. Alikuwa amepata udahili wa Shahada ya Uzamivu katika Kiswahili kwenye chuo kikuu cha nchi jirani. Barua ilitaja jina lake, mada yake ya utafiti na tarehe ya kuripoti. Kuhusu fedha ilisema jambo moja tu: mwanafunzi atajigharimia. Rafiki yake aliyesomea saikolojia alikuwa amekwisha kumshauri aitupe barua hiyo. "Udaktari usiolipiwa haukubaliwi," alimwambia. Naye akatuuliza: "Mwalimu, nikubali au nikatae?"

Swali hili huulizwa na wahitimu wetu wengi wa uzamili. Makala hii inakusudia kueleza namna ya kulijibu bila pupa na bila woga.

Tuanze na kanuni ya yule rafiki. Imetoka wapi? Kwa kiasi kikubwa imetoka Marekani, na katika taaluma yake ina msingi. Huko idara nyingi za saikolojia zinazotoa Ph.D. humsamehe mwanafunzi karo na kumlipa posho, naye husaidia kufundisha au kufanya utafiti. Ipo pia shahada nyingine ya udaktari wa saikolojia, Psy.D., inayolenga zaidi kazi ya kutibu, na wengi wanaoisoma hujilipia, mara nyingi kwa mikopo mikubwa. Kwa hiyo mtu anayedahiliwa kwenye Ph.D. ya huko bila fedha ana haki ya kujiuliza kama idara inamhitaji kweli.

Kwetu hali ni tofauti. Katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki kujigharimia ni jambo la kawaida, hasa katika lugha na fasihi. Hata ufadhili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliosimamiwa na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki kutoka Kampala, kwa msaada wa Ujerumani, ulielekezwa kwenye uzamili wa masomo kama hisabati, uhandisi, teknolojia na biashara. Mwanafunzi wa Kiswahili hakuwa na fungu hapo. Na tangu Juni 2025, Marekani ilipotangaza vizuizi vya viza kwa Warundi, za wanafunzi zikiwamo, macho ya wengi yamegeukia vyuo vya jirani. Basi barua isiyo na fedha si dharau. Lakini si neema pia. Wahenga walisema shoka lisilo mpini halichanji kuni. Kazi yetu ni kuuliza kama mpini unaweza kupatikana, na kwa bei gani.

Tulimshauri mwenzetu apime mambo manne.

Kwanza, aina ya programu. Baadhi ya vyuo, kikiwamo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vina njia mbili za uzamivu: ya tasnifu pekee, na ya kozi pamoja na tasnifu. Njia ya kozi humtaka mwanafunzi akae chuoni na kuhudhuria madarasa. Njia ya tasnifu humruhusu kufanya sehemu kubwa ya kazi uwandani, na uwanda wake unaweza kuwa hapa hapa Buyenzi au Rumonge. Kwa mtu asiye na mfadhili, tofauti hii ni kubwa kuliko tofauti ya karo. Barua nyingi haziifafanui, kwa hiyo ni lazima kuuliza.

Pili, sarafu. Mshahara wetu ni wa faranga, karo ni ya fedha za kigeni. Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga, na dola moja ikapanda rasmi kutoka faranga 2,000 na kitu hadi 2,800 na kitu. Tuchukulie karo ya dola 2,000 kwa mwaka, kama mfano tu. Aliyekuwa akitafuta faranga milioni 4 na kidogo akajikuta anahitaji zaidi ya milioni 5 na nusu, ingawa chuo hakikuongeza hata senti. Na anayelazimika kununua dola mtaani hulipa zaidi ya hapo. Kwa hiyo hesabu ya mwaka wa kwanza haitoshi. Tuhesabu miaka yote, tuongeze mwaka mmoja wa kuchelewa, kisha tuulize: faranga ikishuka tena, tutaendelea?

Tatu, mshahara wakati wa masomo. Wengi huitazama karo na kusahau muda, kumbe muda ndio ghali zaidi. Mwalimu anayepewa likizo ya masomo yenye mshahara tayari ana mfadhili, ingawa haitwi hivyo. Anayeacha kazi analipa mara mbili: karo inayotoka na mshahara usioingia. Ahadi ya mdomo ya mkuu wa shule haitoshi, kwani wakuu huhamishwa. Iwe barua yenye sahihi.

Nne, msimamizi. Uzamivu wa tasnifu ni safari ya watu wawili. Kabla ya kulipa chochote, tumwandikie msimamizi tuliyetajiwa, tumtumie kurasa chache za pendekezo la utafiti, na tuone anajibu baada ya muda gani. Akichukua miezi mitatu kujibu kurasa tano, sura nzima itachukua muda gani? Kila muhula anaotuchelewesha tunaulipa sisi.

Mtu anaweza kusema hesabu hizi zinakatisha tamaa. Hapana. Kwa mhadhiri, uzamivu ndio mlango wa ngazi za juu. Bila huo uprofesa haufikiki. Lakini mwalimu wa sekondari asiyekusudia kuhamia chuo kikuu ajiulize kama shahada hiyo itabadilisha kazi yake au anwani ya jina lake tu.

Neno lenyewe uzamivu linatokana na kuzama, na mzamiaji wa lulu huvuta pumzi kwanza. Mwenzetu ameamua hivyo. Ameomba udahili wake uahirishwe kwa mwaka mmoja, ahamie njia ya tasnifu, na ameandika kuomba likizo yenye mshahara. Majibu yote matatu yakiwa mema, ataenda. Likikosekana la likizo, hataenda, na hatujilaumu kwa kumwambia hivyo.

Tunaandika haya kwa sababu nasi tuliwahi kupata barua ya namna hii. Tuliiweka kwenye mtoto wa meza, tukangoja mfadhili ajitokeze, mpaka tarehe ya kuripoti ikapita. Hatujui kama tungeweza kumaliza, kwani hatukuwahi kuketi na kalamu tukahesabu. Hilo ndilo tunalojutia. Ndugu msomaji, ukiipata barua yako, jibu ndiyo au jibu hapana, lakini usiiachie tarehe ikujibie.