Muda Unaopotelea Ndani ya Kompyuta ya Mapokezi

Treni ya Reli ya Kati itokayo Dodoma kwenda Manyoni hupita Bahi, Kintinku na Saranda. Iwapo saa zinaandikwa Dodoma na Manyoni tu, itajulikana kwamba treni imechelewa, lakini haitajulikana imekwama wapi: bondeni Kintinku, au kwenye mwinuko wa kuelekea Saranda. Kila mtu atakuwa na dhana yake, na huenda injini nzuri ikabadilishwa bure.

Ndivyo ilivyo pia katika kituo cha afya kinachoandikisha wagonjwa kwa kompyuta. Mhudumu huandika jina, hubonyeza, kisha husubiri. Sekunde 40 kwa kila mgonjwa, kwa wagonjwa 60, ni dakika 40 za siku ya kazi. Na anayeketi bila subira kwenye benchi huenda ni mama aliyembeba mtoto mwenye homa kali. Lawama huangukia mtandao au kompyuta kuukuu. Mara nyingine lawama hizo ni za haki. Mara nyingine kasoro imo ndani ya programu yenyewe, na kompyuta mpya haitaiondoa.

Programu ya hospitali haiandikwi yote na mtu mmoja. Waandishi wake huazima sehemu zilizokwisha kutengenezwa na wengine: sehemu ya kusoma tarehe, ya kuchapa risiti, ya kuzungumza na hifadhidata. Sehemu hizo huitwa maktaba za programu, na maktaba moja huweza kuhitaji nyingine kumi. Kwa hiyo mwandishi anapoamua kupima ni kazi ipi inayokula muda, haitoshi kuwasha kipimo katika sehemu aliyoiandika yeye. Maktaba alizoziazima nazo zapaswa kujengwa zikiwa na kipimo. La sivyo, hizo ndizo stesheni zisizo na saa.

Lugha za programu hazifanani katika jambo hili. Katika C, kipimo cha siku nyingi ni gprof, kilichoelezwa mwaka 1982 na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Programu hujengwa kwa alama ya -pg, na maktaba isiyojengwa kwa alama hiyo, miito ya ndani yake haihesabiwi. Hatari ni kwamba kompyuta hailalamiki. Ripoti hutoka safi, yenye asilimia zake, huku sehemu iliyokula muda haimo. Katika Haskell, kwa kawaida, maktaba moja tu ikikosa nakala yake ya kupimia, ujenzi wote hukataa. Ukali huo huwaudhi wengi, lakini ni afadhali kuliko ripoti inayopotosha.

OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, umeandikwa kwa Java. Hapa mambo ni mepesi zaidi: kipimo huweza kuwashwa programu ikiwa kazini, pasipo kujenga upya maktaba, na tangu Java 11 ya mwaka 2018 kimo humo humo bila malipo. Hata hivyo, kipimo hicho huishia mlangoni pa hifadhidata. Kikionyesha kwamba programu ilikaa ikisubiri jibu, hifadhidata nayo hupimwa kwa zana zake.

Mfumo wa kompyuta unaobeba programu nao una neno lake. Kwa miaka mingi maktaba za Linux zilijengwa bila kielekezi cha fremu, alama ndogo inayomwonyesha mpimaji ni nani aliyeiita kazi fulani. Kuiondoa kuliongeza kasi kidogo. Gharama yake ilikuwa upofu wa wapimaji. Fedora 38 ya mwaka 2023 na Ubuntu 24.04 ya mwaka 2024 ziliirudisha, kwa kuwa kasi iliyopotea ni ndogo kuliko faida ya kuona.

Kupima nako kuna gharama. Nakala iliyojengwa kwa vipimo vingi huenda polepole kuliko ya kawaida, hivyo haiachwi mapokezini. Mwandishi huiendesha kando, na ili apate ukweli anahitaji kazi inayofanana na ya kituo. Hapa ndipo mhudumu anapokuwa na sauti. Taarifa isemayo "mfumo uko polepole" haimsaidii mtu, taarifa isemayo "kutafuta mgonjwa kwa jina, Jumatatu saa tatu asubuhi, sekunde 40, kwa namba ya faili, sekunde mbili" huelekeza kipimo mahali pake siku hiyo hiyo. Lakini faili halisi za wagonjwa zisinakiliwe kwenye kompyuta ya mpimaji. Siri za mgonjwa zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na wagonjwa wa kubuni, wakiwa wengi kama wale wa kituoni na wenye majina yanayofanana kama yao, hutosha kuifanya programu ikwame palepale inapokwama.