Orodha ya Maandiko ya Watazama Nyota

Faida ya kituo cha kutazamia nyota haijulikani kwa ukubwa wa darubini zake, bali kwa maandiko yatokanayo nazo. Basi yafaa tujue jinsi maandiko hayo yanavyoorodheshwa. Mfano mzuri ni shirika la ESO, lililoanzishwa na nchi za Ulaya mwaka 1962. Darubini zake ziko Chile, na maktaba yake iko Garching, Ujerumani. Watunza maktaba hao huweka orodha iitwayo telbib, yenye makala za elimu ya falaki zilizochapishwa tangu mwaka 1996.

Kazi hii yafanana na kutunga kamusi: ugumu wake si kuandika, ni kupambanua. Makala huingizwa ikiwa imetumia vipimo vya darubini za ESO. Kutaja si kutumia. Asimuliaye tu waliyoyaona wenzake haingii. Kompyuta huyatafuta majina, lakini haijui maana. Kwa mfano, VISTA ni darubini ya Paranal, tena ni neno la Kiingereza, maana yake mandhari. Kwa hiyo hapana budi mtu asome mwenyewe.

Majina nayo yataka uangalifu. Mwaka 1999 darubini nne za Paranal, kila moja yenye kioo cha upana wa mita 8.2, zilipewa majina ya lugha ya Wamapuche, wenyeji wa Chile: Antu ni jua, Kueyen ni mwezi, Melipal ni Msalaba wa Kusini. Ya nne, Yepun, ilifasiriwa kwanza kuwa nyota ya Sirius. Lugha ilipochunguzwa zaidi, ikaonekana kuwa ni Zuhura ya jioni. Darubini hizo hizo huandikwa pia UT1 hata UT4. Asiyejua kwamba Antu na UT1 ni kitu kimoja atapotewa na makala.

Kisha kila makala huunganishwa na nambari ya kazi iliyoruhusiwa kwenye darubini, ili msomaji avifikie vipimo vyenyewe na kuvihakiki.

Hesabu hii ina uzito, kwa kuwa ni mojawapo ya mizani ya kupimia darubini zilizojengwa kwa mali ya umma. Wakihesabiwa waliotaja tu, darubini itasifiwa isivyostahili. Wakiachwa waliotumia, darubini njema itadhaniwa haifai kitu. Wala vituo viwili havilinganishwi kwa haki, ikiwa kila kimoja kina maana yake ya neno “kutumia”.